Boho ya kroshia Mombasa: vishungi vya binadamu, bandia tupu, au msuko wa mkono?

Boho ni misuko yenye vishungi, vile vifungu vya nywele zisizosukwa vinavyochomoza na kuning'inia. Ya kroshia hunaswa kwa sindano kwenye matuta, yaani nywele zako mwenyewe zilizosukwa zikalala juu ya kichwa. Siku ya kwanza aina zake tatu hazitofautiani. Boho ya kroshia yenye vishungi vya nywele za binadamu, boho ya kroshia ya bandia tupu, na boho iliyosukwa kwa mkono msuko mmoja mmoja: zikipigwa picha pale saluni, hata msusi mzoefu itambidi asogee aguse ndipo ajue ipi ni ipi. Kwa hiyo picha ya kwenye simu haikusaidii kuchagua. Zinatengana siku ya kumi, ukishavuka feri ya Likoni na upepo wake mara kadhaa, ukishatoka jasho chini ya mtandio, na ukishaosha kichwa kwa maji ya kisima. Maswali ya kujiuliza ni haya: unataka nywele zikae wiki ngapi, nyumbani kuna maji gani, na kichwa chako kinafunikwa na nini mchana kutwa.

Kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo kwa nyumba nyingi za Mji wa Kale ndilo linaloamua. Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inamlaani anayeunganisha nywele na anayeunganishiwa. Kuunganisha nywele za binadamu hakukubaliki kwa Mashafii, ambao ndio wengi katika Waislamu wa pwani yetu. Kuhusu nyuzi za bandia wanazuoni wametofautiana. Tena kuna josho, kuoga kwa kujitwaharisha, ambalo linataka maji yafike kwenye ngozi ya kichwa, na matuta yaliyofunikwa na misuko mia si mepesi kupitisha maji. Kama hili linakuhusu, muulize mwalimu wako wa dini kabla hujamlipa msusi.

Ndani ya paketi mna nini

Paketi inayouzwa kama boho ya nywele za binadamu karibu kila mara ina nywele za aina mbili. Msuko wenyewe, ile kamba iliyokwisha kusukwa na kutiwa kitanzi juu, ni bandia, mara nyingi nyuzi za jamii ya Kanekalon. Cha binadamu ni vile vishungi vinavyochomoza ubavuni na kuning'inia. Hapo hujaibiwa: msuko wa bandia unashika umbo lake, ilhali nywele za binadamu peke yake zinateleza na kufumuka kabla ya wiki kwisha. Umeibiwa pale vishungi navyo vinapokuwa vimechanganywa na bandia huku ukilipishwa bei ya binadamu.

Kipimo ni njiti ya kiberiti. Chomoa nyuzi tatu nne katika kishungi, zishike kwa koleo ya nyusi juu ya sahani, uziwashe. Nywele za binadamu zinanuka kama manyoya ya kuku yaliyoungua na zinaacha jivu linalosagika ukilifinya. Bandia hujikunyata, huyeyuka, na huacha kijidonge kigumu cheusi. Ukipata vyote viwili, jivu na kijidonge, huo ni mchanganyiko. Fanya hivi kabla ya kulipa, na chomoa nyuzi katikati ya fungu, maana juu ndipo panapopambwa. Muuzaji anayekataa kukupa nyuzi tatu za kuchoma amekwisha kukujibu.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | Kroshia, vishungi vya binadamu | Kroshia, bandia tupu | Msuko wa mkono, vishungi vya binadamu |
|---|---|---|---|
| Muda kitini | saa 3 hadi 4 | saa 2 hadi 3 | saa 6 hadi 8 |
| Vishungi hubaki safi | wiki 4 hadi 6 | siku 10 hadi 14 | wiki 4 hadi 6 |
| Mwisho kichwani | wiki 6 | wiki 3 hadi 4 | wiki 8 |
| Kufumua | saa 1 na nusu | saa 1 | saa 3 hadi 4 |
| Kutumia vishungi tena | mara 2, pengine 3 | hakuna | mara 1, vingi hupotea |
| Kufunga juu kabisa | kwa kiasi, matuta huonekana | kwa kiasi | huru |

Muda huo ni wa msusi mmoja na kichwa cha kawaida. Wasusi wawili wakikushika huku na huku, msuko wa mkono unaisha kwa nusu ya muda. Angalia tu kwamba mikono yao inalingana, la sivyo upande mmoja utakuwa umekazwa na mwingine umelegea.

Jedwali halionyeshi kwa nini. Nyuzi ya bandia hainywi maji. Hewa ya Mombasa iwe na unyevu wa namna gani, mkunjo wake unabaki vilevile ulivyotoka kiwandani, na kwa hilo imeishinda ya binadamu. Kinachoimaliza ni msuguano: kola ya shati, ukosi wa buibui, mkanda wa begi, mto wa kulalia. Kila inaposuguliwa nyuzi zinanyanyuka na kushikana, na kwa kuwa zimechunika hazirudi tena. Ukilowesha hakuna kinachobadilika, ukitia mafuta zinashikana zaidi. Nywele za binadamu ni kinyume chake. Zinakunywa unyevu, zinafura, na saa nne asubuhi ya mwezi wa tano unaweza kujiona umebeba wingu kichwani. Lakini ukizipulizia maji yenye kondishona kidogo na kuzipitisha vidole, mkunjo unarudi. Kwa maneno mengine, bandia inavumilia hewa ikashindwa na nguo. Ya binadamu inaharibiwa na hewa kila siku, nawe unaitengeneza kila siku kwa dakika tano. Kama huna hizo dakika tano, usinunue za binadamu hata ukipunguziwa bei.

Kiasi cha kununua

Hesabu misuko, usihesabu paketi. Kroshia ya kichwa kizima inataka misuko 80 hadi 110, na paketi hutofautiana: nyingine ina 12, nyingine 16, nyingine 24. Misuko 96 ni paketi nane za 12 au nne za 24. Muulize muuzaji idadi ya misuko iliyomo, kwa sababu bei ndogo ya paketi mara nyingi huficha idadi ndogo.

Vishungi vinauzwa kwa gramu, na kwa gramu ndivyo vilinganishwe. Gramu 100 zinatoa vishungi kama mia moja vyenye unene wa njiti ya kiberiti: mwonekano mwepesi, unaofaa kwa kazini. Gramu 150 ni wastani. Gramu 200 ni za harusi, na kwa joto la kaskazi ni mzigo; kuanzia Desemba hadi Machi punguza. Nunua nywele za kroshia au za kusukia, zisizoshonwa kwenye utepe. Ukiuziwa za kushonea, ukaukata utepe, nyuzi zitachopoka moja moja na nyumba itajaa nywele.

Mkunjo wa mawimbi mapana unadumu kuliko ule wa kujiviringa sana kama utambi. Picha inavutiwa na ule uliojiviringa. Shingo yenye jasho inapenda mawimbi. Rangi ya kawaida nyeusi au kahawia iliyoiva nayo hudumu kuliko ya dhahabu, kwa kuwa ya dhahabu ilibleachiwa kwanza na tayari imedhoofika.

Urefu ndipo watu wengi wanapokosea. Inchi 18, yaani sentimita 45 hivi, ukiikunja katikati kwenye kitanzi inakuwa inchi 9. Anayetaka kishungi cha kufika mgongoni anashangaa kimeishia begani. Na kukunja katikati kuna hasara ya pili isiyoonekana kwa macho. Unywele wa binadamu una magamba yanayoelekea upande mmoja, kutoka shina kwenda ncha. Ukikunja katikati, nusu ya nyuzi inakuwa imesimama kichwa chini; magamba yanapishana, yanashikana, na kishungi kinafanya mafundo wiki ya kwanza ilhali nywele ni nzuri kabisa.

Kazi inavyofanywa

Osha kichwa siku mbili kabla, na kikauke kabisa. Kwa hewa yetu, matuta yaliyosukwa juu ya nywele mbichi yanakaa mabichi ndani kwa ndani na kuanza kunuka kabla ya wiki mbili. Kama umetia dawa ya kulainisha nywele, subiri angalau wiki mbili. Nywele zako ziwe na sentimita tano au zaidi. Fupi kuliko hapo matuta yanachomoka.

Msingi wa kroshia ni matuta 10 hadi 12 yanayoelekea nyuma, kila tuta upana wa sentimita mbili. Membamba sana yanauma, mapana sana yanaonyesha ngozi misuko ikigawanyika. Mbele, kuzunguka paji na masikio, asuke misuko ya mkono 10 hadi 14 isiyo na fundo mwanzoni, ile ya notlesi. Hiyo ndiyo inayoficha kwamba nyuma ni kroshia. Msusi akikuambia mbele pia aweke kroshia ili amalize mapema, mkatalie: fundo la kitanzi kwenye paji linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Misuko yenye vitanzi inaingia kwa urahisi. Sindano ya kroshia inapita chini ya tuta ikiwa imefungwa, inafunguka, inanasa kitanzi, inafungwa tena na kurudi. Msuko unapitishwa ndani ya kitanzi chake na kukazwa. Kazi iko kwenye vishungi. Msusi anayejua anakitambua kwanza kichwa cha kishungi, upande uliokuwa umefungwa kwenye fungu, kwani huo ndio wa shina. Anakunja sentimita tano tu upande huo, anavuta mkunjo kama kitanzi chini ya tuta, anakisokota mara moja, anapitisha ncha zote mbili, anasokota tena na kupitisha mara ya pili, ndipo anakaza. Mara mbili, kwa sababu nywele za binadamu zinateleza. Fundo la mara moja linalotosha bandia litaviacha vishungi vyako kwenye kiti cha matatu. Kimkia kifupi kinachobaki kinalala kati ya matuta, na kutoka inchi 18 umebakiwa na kama 16.

Pa kuviweka pia ni uamuzi. Mstari wa mwisho wa kisogoni, upana wa vidole vitatu juu ya ukosi, usiwekwe kishungi hata kimoja. Hapo jasho, mtandio na kola vinakutana, na hapo ndipo mafundo yote huanzia. Jaza utosini, pembeni na mbele. Utaokoa gramu 20 au 30 na hakuna atakayejua.

Njia ya kati, ambayo kwa mfuko wa kawaida ndiyo tunayoipendelea: nunua misuko ya boho ya bandia tupu, kata vishungi vyake vyote vya kisogoni siku ile ile, kisha ongeza gramu 50 hadi 70 za binadamu mbele na utosini. Baada ya wiki mbili vile vya bandia vilivyobaki vikichakaa unavipunguza kwa mkasi, na vya binadamu vinabaki kubeba mtindo hadi wiki ya tano.

Maji

Mombasa ina maji ya mfereji yanayotoka Mzima, Baricho na Marere, na ina visima. Mtaa wenye mgao mdogo unaishi kwa kisima, na visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kama sabuni haitoi povu na birika lako la umeme limefanya ukoko mweupe ndani, maji hayo hayo yanafanya ukoko kwenye nywele. Bandia haijali sana. Ya binadamu inakuwa kavu kama makumbi, na kila unavyoongeza mafuta ndivyo inavyozidi kunata, maana mafuta yanakaa juu ya ukoko.

Huhitaji kuosha kichwa kizima kwa maji matamu. Nusu ya mtungi wa lita 20 ni nyingi kupita kiasi. Osha na suuza kwa maji uliyonayo, kisha changanya vijiko viwili vya chakula vya siki katika lita moja ya maji matamu, mimina kwenye vishungi, acha dakika mbili, malizia na lita mbili za maji matamu. Harufu ya siki inaondoka nywele zikikauka.

Kwa kuosha kwenyewe: kila siku 10 hadi 14. Changanya sehemu moja ya shampuu na tatu za maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari kati ya matuta, sugua kwa ncha za vidole bila kuzungusha. Povu linaloteremka linatosha kuosha misuko. Vishungi usivikusanye juu ya kichwa kama unafua. Viteremshe chini na kuvikamua kwa kiganja. Kondishona itiwe kuanzia katikati ya kishungi kwenda ncha, kamwe isifike kwenye fundo, kwa kuwa fundo lililolainishwa linafunguka. Osha asubuhi. Kichwa kilichooshwa magharibi kinalala kibichi, na mba utakaouona wiki ijayo utaulaumu mtindo bure. Kama kuna draya, dakika 40 kwa moto mdogo. Kama hakuna, kaa mbele ya feni mpaka ukigusa katikati ya matuta uhisi pakavu.

Baharini ni hivi. Kabla ya kuingia, loweka vishungi kwa maji matamu na kondishona ili visiwe na kiu ya kunywa maji ya chumvi, vifunge msuko mmoja mkubwa, na suuza siku hiyo hiyo ukirudi. Anayeogelea Nyali au Bamburi kila Jumapili achague kroshia ya bandia yenye vishungi vichache, au misuko bila vishungi kabisa. Kuipeleka nywele ya binadamu kwenye chumvi kila wiki ni kuinunulia kaburi.

Kila siku na kila usiku

Chupa ya kupulizia: sehemu moja ya kondishona ya kuacha, nne za maji. Pulizia vishungi tu, achanisha kwa vidole kuanzia nchani kupanda juu, na pakiwa na fundo tumia chanuo la meno mapana huku umeshika juu ya fundo ili usivute tuta. Povu la nywele la kopo linatuliza vinyweleo vinavyosimama kwenye misuko. Mafuta ni kwa ngozi ya kichwa, matone machache mara mbili kwa wiki. Ya nazi yanatosha. Kwenye vishungi mafuta yanakusanya vumbi, na ukipanda tuktuk hadi Kongowea na kurudi utaliona.

Usiku funga vishungi juu kwa ulegevu, kisha kofia ya satini. Mtandio wa pamba unanyonya unyevu na kusugua. Ukivaa mtandio mchana kutwa, vaa ukaya wa satini ndani yake. Kwa anayevaa helmeti ya bodaboda kila siku, bandia haifiki hata siku kumi.

Vishungi vya binadamu vinavumilia pasi ya kukunjia hadi nyuzi joto 180. Vya bandia visiguswe na moto: vinayeyuka. Ndiyo maana ncha za misuko ya bandia hufungwa kwa kuchovya katika maji ya moto, na aliyeshika hayo maji awe ametulia. Kama kichwa kinawasha siku mbili za kwanza baada ya bandia, huenda ni dawa iliyopakwa nyuzi kiwandani. Paketi zinazofuata ziloweke usiku kucha katika maji na kikombe cha siki, zisuuze, zianike.

Ni nani achague nini

Harusi ya wikendi moja, au safari ya siku kumi: bandia tupu, usijisumbue. Mtu wa ofisini anayetaka wiki tano, mwenye maji matamu japo lita tatu kila wiki mbili: kroshia yenye vishungi vya binadamu. Anayefunga nywele juu kila siku, muuguzi au mpishi kwa mfano, alipe ile siku nzima ya msuko wa mkono, kwani kroshia ikifungwa juu matuta yanajionyesha kisogoni. Mwenye nywele zilizokwisha kukatika pembeni asichague yoyote kati ya hizi kwa sasa. Vijipele kwenye mizizi na kichwa kinachouma unapoinua nyusi ni dalili za kukazwa, na msusi akikuambia utazoea, mwambie afumue mbele yote hapo hapo.

Kwa bei, gawanya kwa wiki. Tuseme vishungi vya binadamu vimekugharimu mara nne ya vya bandia. Ukivitumia mara mbili kwa wiki tano tano ni wiki kumi. Bandia wiki mbili. Kwa wiki, binadamu imekuwa nafuu kidogo. Ukivitumia mara moja tu na kuvitupa, imekuwa ghali. Kwa hiyo faida yake yote iko kwenye kufumua.

Kufumua

Usianze kwa mkasi. Toa vishungi vya binadamu kwanza: loweka fundo kwa kondishona, ingiza ncha ya sindano ya kroshia ndani ya kitanzi, legeza, vuta. Vipange vyote kichwa upande mmoja, vifunge kwa uzi kabla hujaviweka chini. Vikichanganyika shina na ncha, basi. Misuko ya bandia ikate kwenye kitanzi, mkasi ukiwa mbali na tuta, kisha fumua matuta kwa mkia wa chanuo.

Zitatoka nywele nyingi. Kichwa hupoteza nyuzi 50 hadi 100 kwa siku kwa kawaida, na kwa siku 42 ni 2,100 hadi 4,200 zilizokuwa zimenaswa ndani ya matuta. Zenye kidoa cheupe upande mmoja zimedondoka zenyewe kwenye shina; fupi zisizo na kidoa zimekatika, na hizo ndizo za kukushughulisha. Achanisha zote kwa vidole kabla ya maji kugusa kichwa, maana zikiloa zikiwa zimenaswa zinafanya fundo lisilofunguka.

Vishungi vyako vioshe kwa siki kama ilivyoelezwa, vining'inize kivulini, vikikauka kabisa vitie kwenye mfuko wa kitambaa. Si nailoni: kwa unyevu wa hapa, fungu lililofungiwa kwenye nailoni linatoka na ukungu.